Mwisho wa Uzi
Somo: 2 Timotheo 2:1-2



Kutengeneza fimbo za kuvulia samaki ni ufundi wa zamani, na sisi Waanglikana tunaye mtu wetu humo: Izaak Walton wa Uingereza, aliyetoa kitabu chake cha uvuvi mwaka 1653. Amezikwa ndani ya kanisa kuu la Winchester. Leo twapenda kujifunza jambo moja kwa mafundi wa kazi hiyo.

Pete zipitishazo mshipi hazigongelewi misumari. Hufungwa kwa uzi mwembamba, mzunguko kando ya mzunguko, pasipo nafasi. Kuanza si taabu, maana uzi hupita juu ya ncha yake wenyewe na kuibana. Taabu iko mwisho. Fundo huacha uvimbe, na ncha iliyobaki nje hufumuka, pete ikalegea. Basi fundi, ikiwa imesalia mizunguko kama 8 au 10, hulaza kitanzi cha uzi mwingine, akaendelea kuzungusha juu yake. Akimaliza hukata uzi, huku amebana kwa kidole, hutia ncha katika kitanzi na kukivuta. Kitanzi hutoka, nayo ncha huingia chini ya mizunguko ile ile. Hubaki wembe na vanishi tu. Aliyesahau kitanzi hana budi kufumua na kurudia.

Angalieni: kitanzi huwekwa wakati kazi ingali inakwenda vema, na hakuna aonaye haja yake.

Paulo aliyaandika maneno ya somo letu akiwa kifungoni, akijua mwendo wake u karibu kwisha. Lakini Timotheo hakuokotwa siku ile. Alitwaliwa Listra miaka mingi kabla, akasafiri, akatumwa, akaona mateso. Na sasa yeye naye aambiwa awakabidhi wengine mafundisho.

Sisi je? Katika mitaa yetu yupo mhazini aliyeshika daftari miaka 20, na hakuna mwingine ajuaye hesabu. Yupo kiongozi wa akina mama ambaye mambo yote yamo kichwani mwake. Ni watumishi wema, wala hatuwalaumu. Lakini mmoja akiugua ghafula, mtaa mzima hutafuta funguo. Twaogopa kumweka kijana kando yetu, kana kwamba tumekwisha kufukuzwa. (Wachungaji nao wamo.)

Basi kabla ya uchaguzi wa halmashauri ya mtaa, kila mwenye kazi na amtafute mmoja, hata kama ni mwanakwaya wa miaka 18, na Jumapili ijayo, sadaka ikiisha kuhesabiwa, ampe kalamu aandike yeye.