Pua ya Jirani Haijui Bei

Vijana wetu wa Nyabiyonza, huku Kagera, siku hizi wananukia, na mimi nafurahi. Ukisimama kijiweni kwa bodaboda asubuhi, ukikaa kanisani Jumapili, ukienda harusini Kayanga, utakutana na harufu tamu yenye joto, ya vanila na sukari iliyoungua kidogo. Kinachonisikitisha ni kuona wengi wao wanaona haya kusema walinunua kwa bei gani.

Binti wa kaka yangu anayesoma Ulaya alipokuja likizo aliniletea kichupa cha manukato kutoka Zara, duka la nguo. Baada ya shikamoo na salamu za huko alikotoka, alikitoa mkobani, akaanza kujitetea kabla sijakishika. "Shangazi, ni ya bei rahisi tu. Usione nimekudharau." Nikajipulizia kidogo kwenye kifundo cha mkono. Spiriti ikanichoma pua, ikapaa, kisha utamu ukajitokeza. Jioni nilipokuwa namenya ndizi, ilikuwa imebaki vanila peke yake, nzito, imeshika ukingo wa kitenge. Nikamwambia, "Mwanangu, umeniheshimu sana. Hilo la bei usilitaje tena kwa kuomba radhi."

Nilimaanisha. Harufu ile kupatikana kwa bei nafuu ni kazi ya akili za watu. Mwaka 1874, Wajerumani wawili, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, walitengeneza vanilini, kiini cha harufu ya vanila, kutokana na utomvu wa miti jamii ya misonobari. Mwaka 1889 nyumba ya Guerlain ya Paris ilitoa manukato yake maarufu ya Jicky, na ndani yake mlikuwa na vanilini ya maabara. Kwa hiyo matajiri wa Ulaya wamejipaka vanilini ya kiwandani kwa zaidi ya miaka mia moja bila kuona aibu. Kwa nini aibu iwe yetu?

Jo Malone, mwanamke Mwingereza aliyejijengea jina kwa manukato ya bei ya juu, alikubali kushirikiana na Zara, na mwaka 2019 manukato yao yakaingia madukani. Hakuona kwamba anajishusha kwa kuwatengenezea watu wa kipato cha kawaida.

Aibu ninayoijua mimi iko kwingine. Iko kwenye chupa iliyobandikwa jina la kampuni ambayo haijawahi kuigusa, ikauzwa mnadani kwa kiapo kwamba ni orijino. Manukato ya duka la nguo yanaweza kufanana na ya bei kubwa, na kufanana si kosa maadamu chupa imebeba jina lake yenyewe. Ile ya bandia inamdanganya mnunuzi, na pengine inamdhuru, maana hajui ngozi yake imepakwa nini. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya usimamizi wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lakini mkaguzi hawezi kusimama kwenye kila meza ya mnada. Muuzaji mwenyewe lazima awe na hofu ya Mungu.

Na sisi tunaojipaka, uongo huo wa jina na bei tunamwambia nani? Anayejipaka manukato, pua yake huzoea harufu baada ya muda mfupi, ikaacha kuisikia. Wanaoendelea kuinusa ni wengine: aliyekaa naye kwenye Hiace, mgonjwa aliyekwenda kumwona, mwenzake wa benchi la kwaya. Manukato basi ni zawadi kwa jirani, na pua ya jirani haijui bei. Inajua usafi, na inajua kiasi. Ndiyo maana nawasihi vijana mpulize kidogo. Usipoisikia tena usidhani imekwisha, ukaongeza mpaka mwenye pumu akakosa pa kukaa.

Utamu huu pia hautoki mbali nasi. Mkoani kwetu Kagera vanila inalimwa, na wanaoihudumia wanajua adha yake. Ua hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo. Mkulima huchukua kijiti chembamba, akainua kiwambo kidogo kilicho katikati ya ua, akabana kwa kidole gumba mpaka chavua iguse inapotakiwa, kisha anahamia ua jingine. Njia hiyo iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12. Dunia ikatajirika kwa ugunduzi wake, yeye akafa maskini mwaka 1880. Hata ugunduzi wenyewe, mtaalamu mmoja wa mimea alitaka uhesabiwe kuwa wake.

Baada ya kazi hiyo ya kuchavusha, maganda ya vanila husubiriwa karibu miezi tisa. Hofu ya wezi huwafanya wengine wachume mabichi, na ganda lililochumwa kabla ya wakati halina harufu ya kutosha. Nchini Uganda serikali imekuwa ikitangaza tarehe ya kuanza kuvuna ili kuzuia hilo. Mkulima anayesubiri ganda likomae, muuzaji anayetaja jina halisi la chupa, na binti anayesema "hii ni ya bei nafuu" bila kuinamisha uso, wote watatu wanatunza kitu kimoja, nacho ni uaminifu.

Kwa hiyo, kijana wangu, ukiulizwa umepaka nini, taja jina lake, taja duka, taja na bei. Huenda anayekuuliza alikuwa anatamani naye anukie, akakata tamaa akidhani hataimudu.