Matamshi na Ukweli wa Jina

Meli za Wareno hazikufika Ubwari, upande wa Kongo wa ziwa Tanganyika, lakini maneno yao yalifika. Padri, meza na bendera yalikaa kwanza pwani, kisha yakavuka ziwa hilo pamoja na Kiswahili cha misafara ya karne ya 19. Leo Mkristo wa Baraka au Fizi hutamka padri kwa i mwishoni. Mtu wa Lisbon huimeza karibu yote e ya padre. Wengi wa Brazili huitamka i, kama Ubwari. Je, jina au neno la ibada hupoteza ukweli wake ulimi unapolibadilisha? Nashikilia kwamba halipotezi. Jina huwa la kweli kwa nia ya anayeita na kwa kumfikia anayeitwa.

Kanisa lenyewe liliamua hivyo zamani. Mwaka 746 Papa Zakaria alipata habari kwamba mmisionari Bonifasi aliagiza watu wa Bavaria wabatizwe upya, kwa kuwa padri mmoja asiyejua Kilatini alivuruga miisho ya maneno ya ubatizo. Papa alikataa: kosa lilikuwa la lugha, si la imani. Kwetu nako ulimi wa mgeni ulibadilisha jina: Wakongo waliuita mto wao mkubwa nzadi. Wareno, waliofika mlangoni mwake mwaka 1482, wakauandika Zaire. Nchi nzima ikabeba tamko hilo kuanzia 1971 hadi 1997. Halikuhesabiwa kosa, maana kalamu ilikuwa mikononi mwa Wareno. Mara nyingi tunachokiita matamshi sahihi ni matamshi ya mwenye nguvu.

Mwislamu wa Baraka anaweza kupinga kwamba Kurani ina kanuni za tajwidi, yaani za kuisoma kwa matamshi sahihi, na herufi ikikosewa maana huharibika. Ni kweli, na bidii hiyo ni wajibu. Lakini Hadithi inafundisha pia kwamba anayeisoma kwa kusitasita na kwa taabu ana thawabu mbili. Juhudi yake haidharauliwi. Mwingine atasema kwamba mgeni aitwaye João anastahili kusikia jina lake lilivyo, pamoja na sauti yake ya puani. Anastahili, na tujitahidi, kwa kuwa heshima ni sehemu ya nia njema. Ila kujitahidi si sawa na kufaulu, na asiyefaulu hajamtukana mtu. Kwa hiyo walimu na wahubiri wa Ubwari, msahihisheni mtoto anayekosea jina, lakini msimcheke kamwe.