Moto Uliofichwa Ndani ya Maji

Mzazi mmoja ametuletea swali. Mwanawe, kijana mwenye akili, ameanza kupitisha umeme wa betri katika maji jikoni kwao, akitumaini kupata haidrojeni ya kupikia. Je, ni kosa kumkataza? Au kosa ni kumwacha?

Kuchunguza asili ya vitu si kiburi. Mwaka 1800 Waingereza wawili, Nicholson na Carlisle, mmoja wao tabibu, walitumia betri, kitu kipya kabisa siku zile, wakayatenga maji kuwa hewa mbili. Basi hatumlaumu kijana kwa udadisi wake, wala hatumshauri mzazi azivunje chupa zake.

Lakini hewa hii haina rangi wala harufu, na mwali wake hauonekani kwa urahisi mchana. Ikifika sehemu 4 tu katika 100 za hewa ya chumba, cheche moja yaweza kuiwasha. Naye atiaye chumvi ya chakula majini, akidhani anarahisisha kazi, hutoa pia klorini, ambayo ni sumu ya mapafu. Kijana mwenyewe ameikubali hatari hiyo. Je, mdogo wake aliyelala chumba cha pili aliikubali lini? Hapo ndipo penye neno. Mtu aweza kuhatarisha ngozi yake kwa ajili ya elimu. Ngozi ya mwenzake si mali yake hata aitoe.

Tena kuna uongo unaofuatana na jambo hili, kwamba maji ni mafuta ya bure. Nguvu zitumikazo kuyatenga maji hazipungui kamwe zile zinazorudi haidrojeni ichomwapo. Mmarekani Stanley Meyer alidai kuwa gari lake laendeshwa kwa maji; mwaka 1996 mahakama ya Ohio iliamua kwamba amewalaghai waliompa fedha, ikamwamuru awarudishie. Watu wale, twadhani, hawakuwa wajinga. Walitamani kupata pasipo kutoa, na tamaa hiyo hata sisi tusalio kila Jumapili twaijua.

Tumemjibu mzazi hivi: mwanao asikatazwe, ila atoke jikoni. Afanyie kazi yake nje penye upepo, kwa kiasi kidogo, mbele ya mwalimu wake wa kemia, wala asiiweke akiba hewa hiyo katika chombo chochote. Akinung'unika, mwulize ni nani wa nyumba ile aliyemwomba ruhusa.