Bure ya Aina Gani?

Huku kwetu Mchukwi neno "bure" lina kazi mbili. Embe lililodondoka njiani ni la bure, okota ule. Mtu mzima asiye na shughuli, huyo naye amekaa bure. La kwanza neema, la pili aibu. Basi nikisikia kiwanja fulani "kimekaa bure" huwa nauliza: bure ya aina gani?

Si swali la wanafalsafa peke yao. Tangu lami ilipofika, ardhi ya Kibiti ina bei, na penye uwazi watu wanaona fremu za maduka.

Hebu twende Nairobi, ndugu msomaji. Bustani ya Uhuru Park ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969: ekari thelathini na ushee za nyasi, miti na kijiziwa cha mashua, kando tu ya katikati ya jiji. Mwaka 1989 wakubwa wakaona imekaa bure. Ukapangwa mnara wa ghorofa 60 wa gazeti la chama, Kenya Times, na ndani yake ofisi za KANU, na nje sanamu ya Rais Moi. Wangari Maathai akaandika barua, serikalini na kwa wafadhili wa nje. Bungeni wakamkejeli, eti yeye na wenzake ni kundi la wanawake walioachika! Lakini wafadhili walirudi nyuma, na mnara haukujengwa.

Mtetezi wa mnara tusimdharau. Ghorofa 60 ni ajira, nyasi zinamwajiri nani? Mwenye njaa hashibi kivuli. Hoja hii imenisumbua sana. Ila jamani, mlangoni pa mnara kuna askari, naye atakuuliza, "Una shida gani?" Bustanini huulizwi. Maskini mjini kila anapofika lazima awe na shida ya kueleza, na hapo tu anaruhusiwa kuwepo bila maelezo. Mimi naona hiyo ni haki, si starehe.

Tena mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa pembe moja ya bustani ile, wakafunga kula wakidai watoto wao. Polisi waliwapiga, ni kweli. Lakini je, kwenye ngazi za mnara wa chama wangekaa hata saa moja? Na tarehe 27 Agosti 2010 katiba mpya ya Kenya ilitangazwa hapo hapo.

Sitaki nionekane naabudu uwazi. Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, wakoloni waliuacha wazi ili kutenga Uhindini na Kariakoo, mtu mweusi akae kwake. Nia chafu kabisa. Baadaye TANU ikaja kuhutubia umati pale pale. Waliopima mpaka ule hawakuota hilo. Jengo limeshaamua litumikeje, uwazi unawaachia hata wasiozaliwa waamue.

Ubaya wake, cha wote hakina mlinzi. Uhuru Park yenyewe mwaka 2021 ilifungwa kwa ukarabati, na aliyezoea kujilaza pale hakuombwa rai. Ndiyo maana hapa kwetu, kabla viwanja havijakatwa vyote, nauliza hati ya uwanja wa wazi iandikwe jina la nani. Kama ni la kijiji, iandikwe sasa, bei ikiwa bado chini.