Mshahara wa Mwamuzi

Je, ni haki kupunguza mshahara wa mwamuzi?

Katika nchi ya Ayalandi, Katiba ya mwaka 1937 ilikataza jambo hilo. Sababu yake ndiyo hii: mtawala akiweza kumnyima mwamuzi riziki yake, ataweza pia kumtisha, na mnyonge atakosa haki barazani.

Lakini mwaka 2008 mabenki ya nchi ile yalitikisika, na hazina ikapungukiwa. Baadaye mishahara ya walimu, wauguzi na askari ilikatwa. Ile ya waamuzi haikuguswa. Waamuzi wengi walitoa sehemu kwa hiari, wengine hawakutoa. Basi watu wakanung'unika. Tarehe 27 Oktoba 2011 raia walipiga kura, na karibu 80 katika kila 100 walikubali mishahara ya waamuzi ipunguzwe kwa kadiri ya watumishi wengine wa serikali.

Je, walivunja haki? Sivyo. Kumkata mwamuzi mmoja kwa kuwa hukumu yake imechukiza ni kumwonea. Kuwakata wote kwa sheria moja, pamoja na wenzao, ni kugawana mzigo. Mwamuzi alindwe asiogope wakubwa. Asilindwe asionje taabu ya watu anaowaamua.