Mzee Aliyempenda Paulo

Soma: Warumi 3:5-8, 1 Wakorintho 15:12-19, Luka 1:1-4, Ayubu 13:7-9.

Karibu mwaka 200 B.K., Tertullian, mwandishi Mkristo wa Karthago huko Afrika Kaskazini, aliandika kitabu kidogo kuhusu ubatizo. Ndani yake anamtaja kwa kifupi mzee mmoja wa kanisa katika Asia, ile Asia ya makanisa saba ya Ufunuo. Mzee huyo alikuwa ametunga kitabu juu ya mtume Paulo. Ilipojulikana, alikiri kwamba alikiandika kwa sababu ya kumpenda Paulo, kisha akaacha nafasi yake. Jina lake halikuandikwa.

Sehemu kubwa ya kitabu hicho, Matendo ya Paulo, ingalipo. Ni habari tamu. Thecla, binti wa Ikonio, anamsikia Paulo akihubiri akiwa ameketi dirishani kwao, anamwacha mchumba wake, anahukumiwa kuchomwa, na mvua inauzima moto. Huko Efeso Paulo anatupwa kwa wanyama wakali, na simba anayeletwa mbele yake ni yule aliyembatiza siku za nyuma. Imo pia barua kwa Wakorintho yenye jina la Paulo. (Tertullian naye alikuwa na ugomvi wake: wako waliotumia mfano wa Thecla kusema kwamba wanawake wanaweza kufundisha na kubatiza. Hakuwa hakimu asiye na upande.)

Mzee huyu anaweza kutetewa. Kwa maneno yake mwenyewe, upendo ndio uliomsukuma. Hakufundisha miungu ya kigeni. Barua ile inatetea ufufuo wa mwili dhidi ya waliokuwa wakiukana, na Thecla akawa kielelezo cha uthabiti kwa Wakristo wengi kwa karne nyingi. Kama tunda lilikuwa jema, mti ulikosa nini?

Jibu gumu kuliko yote linatoka kwa Paulo mwenyewe. Katika Warumi 3:7, 8 anakabili hoja iyo hiyo: ikiwa uongo wa mtu unaikuza kweli ya Mungu, kwa nini mtu huyo ahukumiwe? Paulo haijadili kwa kirefu. Anaikataa, na kuhesabiwa miongoni mwa wanaoisema kwake ni kusingiziwa. Katika 1 Wakorintho 15:15 anakwenda mbali zaidi. Akizungumzia ufufuo, habari njema kuliko zote, anasema kwamba kama haukutokea, basi mitume ni mashahidi wa uongo juu ya Mungu. Hasemi kwamba wangekuwa watu wenye nia njema waliokosea kidogo. Kudai kwamba Mungu alitenda jambo ambalo hakulitenda, hata liwe jema kiasi gani, kwake ni ushahidi wa uongo. Mzee wa Asia alimpenda Paulo, lakini neno hili la Paulo lilimpita.

Darasani huenda mtu akauliza juu ya mifano ya Yesu. Je, si hadithi? Lakini hakuna aliyeondoka pale akaenda kuitafuta nyumba ya baba wa mwana mpotevu. Wasikilizaji walijua wanapewa mfano. Wasomaji wa mzee hawakuambiwa. Walidhani wanajifunza yaliyompata Paulo, na imani yao ikaegemea nguzo ambayo aliyeisimamisha alijua kwamba haipo. Kosa halikuwa katika kutunga. Lilikuwa katika kumficha msomaji kile anachokisoma.

Wakati uo huo, Serapion, askofu wa Antiokia, alizuru kanisa la Rhossus akakuta mvutano juu ya kitabu kilichoitwa Injili ya Petro. Bila kukisoma, aliruhusu kisomwe. Baadaye alikipata, akakipitia, akaliandikia kanisa. Kwa jinsi Eusebius alivyoihifadhi habari hiyo, Serapion alikubali kwamba mengi yaliyomo yalilingana na imani ya kweli, ila mengine yalikuwa yameongezwa. Mitume aliwapokea kama anavyompokea Kristo. Maandiko yaliyojivika majina yao aliyakataa. Kwake, usahihi wa sehemu kubwa ya kitabu haukutosha kukisafisha kitabu.

Leo hakuna mwalimu wa Shule ya Sabato anayetunga injili. Lakini ushuhuda wa uponyaji husimuliwa, kila msimuliaji akitia chumvi yake, na mwaka ukipita mgonjwa wa malaria amekuwa maiti aliyefufuka. Ujumbe kuhusu mwanasayansi aliyeongoka husambazwa katika simu kabla yeyote hajauliza kama mwanasayansi huyo yupo. Anayeuliza huonekana hana imani, ingawa Luka alichunguza kila jambo kabla ya kumwandikia Theofilo. Ayubu aliwauliza rafiki zake kama wangesema uongo kwa ajili ya Mungu. Swali hilo lingali linangoja. Na anayelipa gharama kwa kawaida si msimuliaji. Ni kijana anayekuja kugundua. Akishajua kwamba simba wa Efeso hakubatizwa, ataanza kumtilia shaka hata simba wa Danieli.

Kulikuwa na njia nyingine. Katika karne iyo hiyo ya pili, Hermas wa Roma aliandika kitabu kiitwacho Mchungaji, akitumia jina lake mwenyewe. Mwaka 367 Athanasius wa Aleksandria, katika barua iliyoorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya, alikitaja miongoni mwa vitabu vilivyo nje ya orodha lakini vyenye kuwafaa wanaoanza kujifunza. Athanasius hakuhitaji kukifukuza kwa aibu.

Jadilini: Kama mzee wa Asia angekuja darasani kwenu na hati yake kabla haijanakiliwa, mngemshauri aandike nini katika ukurasa wa kwanza?