Mtoto Hakui Peke Yake

Somo: Luka 2:41–52



Kila mwaka wa shule unapoanza, sisi wazazi twauliza mambo mengi. Je, sare imeshonwa? Je, madaftari yametosha? Katika mtihani uliopita mtoto alikuwa wa ngapi? Maswali hayo ni mema, wala hatuwalaumu wenye kuyauliza. Walakini liko swali moja tulisahaulo mara nyingi, nalo ni hili: Mtoto huyu anakwenda pamoja na nani? Juu ya swali hilo twataka kutafakari mwezi huu, maana kwa ajili ya wenzao wengi wamesimama, na kwa ajili ya wenzao wengi wameanguka.

Mwinjilisti Luka peke yake ndiye aliyetuandikia habari ya Bwana wetu alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wazazi wake walikwea kwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka, kama desturi yao ya kila mwaka, naye alikuwa pamoja nao. Sikukuu ilipokwisha wakaanza kurudi, wakidhani kwamba yumo katika msafara. Wakaenda mwendo wa kutwa, kisha wakamtafuta kwa jamaa na rafiki, wasimwone. Baada ya siku tatu wakamkuta hekaluni. Kwa kumalizia, Luka atuambia jinsi mtoto huyo alivyokua: akili yake ilipata hekima, mwili wake ukaongezeka, Mungu akapendezwa naye, na watu vilevile wakapendezwa naye. Hayo ni mambo manne, wala moja halikuachwa nyuma ya mengine. Na tuyaangalie katika mafungu matatu.

Kwanza, alijifunza.

Alikuwa ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Angalieni, ndugu, jinsi kazi hizi mbili zinavyofuatana. Masikio yalitangulia, ndipo kinywa kikafuata. Mtoto asiyesikiliza hana la kuuliza. Na mtoto asikilizaye bila kuuliza huchukua maneno kama mtungi uchukuavyo maji, usiyaonje. Wahenga wetu walisema kwamba kuuliza si ujinga. Ikiwa Mwana wa Mungu hakuona haya kuuliza, kwa nini mtoto wetu aone haya? Na ikiwa wale walimu wa Yerusalemu hawakumkemea kijana wa miaka kumi na miwili, kwa nini sisi tumkemee mtoto aulizaye katika mafundisho ya kipaimara?

Daktari Martin Luther alijua vema jinsi shule iwezavyo kuwa mahali pa hofu. Alikumbuka katika uzee wake kwamba asubuhi moja alipigwa mara kumi na tano kwa sababu ya masomo ambayo hakuwa amefundishwa. Hakuichukia elimu kwa ajili ya hayo. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani, akiwasihi wafungue shule, za wavulana na za wasichana pia. Na mwaka 1529 alipoitoa Katekisimo Ndogo, aliipanga kwa maswali na majibu, hata mtoto apate kuuliza maana ya kila neno alisemalo. Basi mwalimu wa Katekisimo azuiaye maswali yashindana na kitabu chenyewe alichokishika mkononi.

Pili, alikuwa na wenzake njiani.

Yusufu na Mariamu hawakuwa wazembe. Walidhani mtoto yumo katika msafara, kwa maana watu wale walikuwa jamaa na jirani, na mtoto wa mmoja alikuwa mtoto wa wote. Ni jambo jema mtoto kuwa na msafara wa namna hiyo. Lakini habari hii yatufundisha pia kwamba mzazi aweza kwenda kutwa nzima akidhani ajua mtoto wake yuko na nani, kumbe hajui. Yeye walimkuta katika nyumba ya Baba yake. Wa kwetu tutawakuta wapi, tukianza kuwatafuta leo?

Maandiko yatuonya kwa habari ya Rehoboamu mwana wa Sulemani, katika 1 Wafalme 12. Watu walipomwomba awapunguzie mzigo, aliwauliza wazee, nao wakampa shauri la upole. Akaliacha. Akawauliza wale waliokua pamoja naye, nao wakamshauri aseme kwa ukali. Akawasikia hao, na kabila kumi zikamwacha. Twasoma tena katika sura ya 14 ya kwamba alipoanza kutawala alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Tazameni! Mtu mzima, mfalme, mwana wa mtu mwenye hekima kuliko wote wa wakati wake, bado yumo mikononi mwa rafiki za utoto wake. Ndiyo maana twasema kwamba urafiki wa siku za shule si mchezo wa watoto tu. Mtoto achaguaye rafiki achagua sauti itakayosema masikioni mwake miaka thelathini baadaye.

Lakini tunao mfano mwingine, nao ni wa furaha. Danieli, Hanania, Mishaeli na Azaria walipelekwa Babeli wakiwa vijana, wakafundishwa kwa miaka mitatu maandiko na lugha ya Wakaldayo. Walikuwa mbali na wazazi, wakala mkate wa ugenini, hata majina yao yakabadilishwa. Hakuna shule ya bweni iliyo mbali kuliko ile. Elimu ya Wakaldayo hawakuikataa. Walijifunza kwa bidii wakawapita wote. Walakini kwa habari ya chakula cha mfalme walisimama pamoja, wakajaribiwa siku kumi kwa mboga na maji. Tena ilipotoka amri ya kuwaua wenye hekima wote, Danieli hakujifungia chumbani peke yake. Alikwenda nyumbani akawaarifu wenzake watatu, ili wamwombe Mungu rehema pamoja. Na alipopandishwa cheo hakuwasahau. Aliwaombea kwa mfalme, nao wakapewa kazi. Huo ndio urafiki wa Kikristo shuleni: kusoma pamoja, kukataa uovu pamoja, kuomba pamoja, na siku ya heshima kumkumbuka mwenzako.

Tatu, alikua.

Walimu walikuwa wameustaajabia ufahamu wake. Mtoto mwingine angalisema, Mimi sasa nimewapita baba na mama. Mambo ya Nazareti hayanifai tena. Yeye alishuka pamoja nao, akawatii. Hapo ndipo twaona kukua kwa kweli. Wako watoto ambao akili yao yapanda kila mwaka, na upendo wao washuka kila mwaka. Wakirudi likizo waona haya kwa jiko la mama yao, waicheka lugha ya babu yao, na yule rafiki wa zamani aliyebaki shambani wampita njiani kama mgeni. Hao wamekua upande mmoja tu, kama mti ulioelemewa na matawi ya upande mmoja. Upepo ukija, huanguka upande huo.

Twapenda kuwakumbusha habari ndogo ya maisha ya Luther, ambayo si wengi waijuao. Alizaliwa Eisleben mwaka 1483, akalelewa katika mji wa Mansfeld, na hapo akatiwa shule angali mdogo. Mvulana mmoja mkubwa kuliko yeye, jina lake Nikolaus Oemler, alikuwa akimbeba mikononi kumpeleka shule na kumrudisha, wala si mara moja tu. Miaka ikapita. Oemler akawa shemeji yake Luther. Mwaka 1544, miaka miwili kabla ya kufa kwake, Luther aliandika katika Biblia ya rafiki huyo mzee maneno ya kuikumbuka siku ile, akasema kwamba wakati ule hakuna hata mmoja wao aliyejua ya kuwa shemeji anambeba shemeji.

Luther wakati huo alikuwa amekwisha kusimama mbele ya Kaisari huko Worms mwaka 1521, na Biblia nzima katika Kijerumani ilikuwa imechapwa tangu 1534. Walakini mikono iliyombeba hakuisahau. Na Oemler hakujua kwamba mzigo wake mdogo ungekuja kulitikisa Kanisa lote. Aliona tu mtoto aliyechoka, na njia iliyo ndefu. Ninyi watoto wetu, hamjui ni nani mnayembeba leo mnapomwonyesha hesabu yule asiyeelewa, au mnapomgawia chakula yule asiye nacho, au mnapokaa karibu na yule ambaye wote wamemcheka. Wala hamjui ni nani mnayemwangusha mkimdhihaki.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mmisionari Bruno Gutmann wa Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka mwisho mwaka 1938, aliona kwamba Wachaga tangu zamani walijua nguvu ya rika. Hakutaka Ukristo uivunje. Aliwafunga vijana wa kipaimara katika makundi yaliyoitwa kwa jina la ngao, ili kila mmoja awe na wenzake wa kumkinga na kumwonya, hata baada ya siku ya kipaimara kupita. Maana ngao haimkingi mwenye kuishika tu. Yamkinga na aliye ubavuni pake. Je, vijana wetu wakitoka madhabahuni siku ya kipaimara, twawapa nani wa kusimama ubavuni pao? Au twawapa cheti tu, kisha twastaajabu mwaka wa pili kwamba hatuwaoni kanisani?

Sasa, wapenzi, na tulete neno hili nyumbani mwetu.

Ninyi wazazi, mjue rafiki za watoto wenu kwa majina. Waalikeni nyumbani, wale pamoja nanyi. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo; lakini kumbukeni kwamba mkipeleka mtoto shuleni, wenzake nao wamlea. Yusufu na Mariamu walipomkosa hawakukaa kulaumiana njiani. Walirudi, wakatafuta mpaka wakamwona. Nanyi mkiona kwamba mtoto amepotea katika msafara mbaya, rudini upesi, msingoje mwendo wa siku ya pili.

Ninyi walimu na wainjilisti, msiwahesabu wenye akili nyepesi tu. Mpeni aliye mwepesi kazi ya kumsaidia aliye mzito, naye mwepesi atakua katika upendo, na mzito atakua katika hekima. Wote wawili watakuwa wamejifunza.

Nasi sote wa usharika tunalo deni moja ambalo hatuwezi kulinyamazia. Tangu mwezi wa Novemba 2021 serikali ya Tanzania imewapa ruhusa wasichana walioacha shule kwa ajili ya uzazi warudi masomoni. Mlango umefunguliwa. Lakini yule msichana akirudi darasani, atakaa karibu na nani? Je, rafiki zake wa zamani watamwita, au watanong'ona? Je, wanawake wa usharika watamshika mtoto wake mchanga ili mama asome, au watamhesabia dhambi yake kila Jumapili, hali wakisahau jina la kijana aliyeshiriki dhambi hiyo? Ikiwa dhambi imetubiwa, Bwana ameiondoa; sisi ni nani tuirudishe? Sheria yaweza kufungua mlango, lakini mkono wa kumwingiza mtu ndani ni wa rafiki. Na Kanisa lisilo na mkono huo linahubiri msamaha kwa kinywa na kuukana kwa macho.

Nanyi watoto, msiseme kwamba mambo haya ni ya wakubwa. Bwana wetu alikuwa na umri wenu. Yeye ni rafiki wa kwanza. Njia ilipotushinda, alitubeba sote hata msalabani, wala hakuona haya kutuita ndugu zake. Aliyebebwa hivyo hawezi kumpita mwenzake aliyeketi njiani. Basi mwisho wa mwaka, mtakapoulizwa mmekuwa wa ngapi darasani, jiulizeni na neno hili pia: Mwaka huu nimembeba nani?

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeketi kati ya walimu na kuwatii wazazi wako, uwalinde watoto wetu njiani na bwenini. Uwape walimu wenye subira, na rafiki wakupendao wewe. Uliyeachwa nyuma umrudishe, na aliyetangulia umfundishe kungoja. Utujalie sisi sote kukua katika hekima na katika upendo, hata tutakapokutana katika nyumba ya Baba yako. Amin.